Shukrani kwa mzee wa kofia nyeupe wa mtaa wa Tudor, Mombasa

Shikamoo mzee wangu. Hukunitajia jina, nami kwa haya sikuuliza, basi natoa ahsante yangu hapa hadharani. Huenda wajukuu wako wakakusomea.

Binti yangu alitaka piano, na ile ya mbao iliyokuwa ikiuzwa pale uani nilishaipenda: kuukuu lakini inang'aa. Wewe ulikuja kutazama kabati tu. Ukaomba kifuniko cha juu kifunguliwe, ukamulika kwa tochi ya simu: nyuzi zimeshika kutu, na vile vigingi vya chuma vinavyozikaza vinacheza kwenye ubao wake. Ukanieleza kwamba piano ina nyuzi zaidi ya 200, na vigingi vikishalegea fundi atazikaza leo, kesho sauti imepotea tena. Chumvi ya bahari na unyevu wa Mombasa havina huruma kwa chuma wala mbao. Muuzaji alinuna, maskini.

Ukanishauri nitafute ya umeme, ila yenye vibonye vyote 88, vizito kidogo, vinavyojibu nguvu ya kidole, ili mtoto asizoee wepesi wa kinanda cha kuchezea. Na kanyagio liwe lisiloteleza sakafuni. Hilo la kanyagio nisingeliwaza kamwe.

Tumeipata, tumeiweka mbali na dirisha. Usiku binti hupiga kwa hedifoni, na jirani wa chini bado anatuamkia.

Ahsante sana, mzee. Chai yako ya maziwa ipo, siku yoyote.