Mdogo wangu, Ijumaa njoo Moshi na ukurasa mmoja tu

Mdogo wangu,

Hujambo? Habari za hapo mtaani Sakina, Arusha, na za wenzako unaokaa nao? Huku hatujambo. Mama anakusalimu sana, anauliza kama unakula. Barua hii naiandika hadharani kwa sababu maneno uliyoniambia kwenye simu juzi nimeyasikia kwa vijana wengi wa Moshi na Arusha, na nitakalokujibu wewe ndilo ningewajibu wao.

Ulisema gemu lako la mlima utalianza ukipata kompyuta yenye nguvu. Mwaka jana ulisema utalianza ukimaliza ramani. Daftari lako nimelisoma lote, usiku mmoja, kitandani: njia ya Marangu na njia ya Machame, masika na kiangazi, wapagazi kila mmoja na jina lake na deni lake, soko la Kiboriloni, wageni wa kila taifa, na ukurasa wa mwisho kilele, mita 5,895. Ni daftari zuri, mdogo wangu. Yapo mambo mle ndani ambayo asiyewahi kubeba mzigo mlimani hawezi kuyawaza. Ila miaka miwili imepita na hakuna hata kidoa kimoja kinachosogea kwenye skrini mtu akikibonyeza. Hilo linaniuma.

Nakuomba utengeneze gemu kwa wikendi moja. Uanze Ijumaa jioni, ukifika Jumapili jioni uwe umemaliza. Liwe dogo, liwe na mwanzo na mwisho, na mtu aweze kulicheza bila wewe kusimama pembeni ukimweleza.

Utaratibu huu una wenyewe. Kuna mashindano yanaitwa Ludum Dare, jina la Kilatini lenye maana ya kutoa mchezo, yaliyoanza mwaka 2002. Mada hutangazwa saa ileile yanapofunguliwa, na kwenye kundi lake gumu mtu hufanya kazi peke yake kwa saa 48: msimbo, yaani maagizo anayoiandikia kompyuta, picha, sauti, vyote mkono wake. Mwaka 2009 ikaanza Global Game Jam, ambapo watu wa nchi nyingi hukusanyika Januari, mada moja kwa wote. Mfini Arvi Teikari alitengeneza umbo la kwanza la gemu la Baba Is You kwenye mkusanyiko wa namna hiyo mwaka 2017, halafu akakaa nalo hadi 2019 ndipo akaliuza likiwa kamili. Celeste nalo lilianza mwaka 2015 kama gemu la siku nne, la Maddy Thorson na Noel Berry, kwenye PICO-8, programu yenye skrini ya pikseli 128 kwa 128 na rangi 16 basi. Celeste kubwa lilitoka 2018. Angalia mpangilio huo: kidogo kilimalizika kwanza, kikubwa kikafuata. Wewe umeanzia kwenye kikubwa.

Wiki tatu zilizopita nilijaribu mwenyewe, maana sikutaka kukushauri jambo nisilolifanya.

Mada niliyojipa ilikuwa "zamu". Unakumbuka babu alivyotuamsha alfajiri kule Kibosho siku ya zamu yetu ya maji? Mfongo, ule mfereji wa maji wa Wachagga, ulipita juu ya kihamba, shamba letu la migomba la nyumbani, mzee wa mfongo alishajua nani anafungua lini, na sisi tulikimbia na majembe kuziba hapa kwa udongo na magome ya migomba, kufungua pale, ili maji yaifikie migomba ya chini kabla zamu haijahamia kwa jirani. Nikasema hilo ndilo gemu langu. Maji yanaingia juu ya skrini. Mchezaji anagusa mfereji kuufungua au kuuziba. Kuna vihamba vitano na sekunde 60. Zamu ikiisha, maji yanahama, na migomba uliyoifikia ndiyo uliyoifikia.

Ijumaa saa moja usiku nikawasha laptopu yangu, ileile unayoijua, yenye ufa kwenye kona. Nilitumia Godot, programu ya kutengenezea magemu iliyoanzishwa na Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na kufunguliwa kwa umma mwaka 2014. Haiuzwi, na gemu utakalotengeneza nayo ni lako lote. Huhitaji hata kuisakinisha: unapakua faili, unalifungua, unaanza. Ina namna ya kuchora iliyowekwa mahsusi kwa mashine za zamani, kwa hiyo ile hoja ya kompyuta yenye nguvu, kwa gemu la mwanzo, iweke kando.

Usiku huo wa kwanza niliupoteza. Nilitaka maji ya kweli, yanayotiririka, yanayopiga kingo na kutoa povu. Saa saba usiku nilikuwa na matone mia mbili yanayorukaruka kama bisi kwenye sufuria, na laptopu imepata moto. Nikalala nimechukia.

Jumamosi asubuhi nikayafuta yote. Nikagawa shamba kuwa miraba, kumi kwa minane, na kila mraba una jibu moja: una maji au hauna. Kila nusu sekunde, mraba wenye maji unautazama mraba wa chini yake. Kama uko wazi, unaupa. Sheria yenyewe ndiyo hiyo. Nikabonyeza kucheza, na maji yakashuka kutoka juu hadi chini kabisa kwa mpigo mmoja, kabla sijanyanyua kidole.

Hapa nikae kidogo, maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko pengine pote. Kompyuta ilikuwa inasoma miraba kwa safu, kuanzia juu. Inafika mraba wa kwanza, inakuta maji, inayapeleka wa pili. Inashuka safu ya pili, inakuta maji, inayapeleka wa tatu, haijui kwamba maji hayo imeyaweka yenyewe sasa hivi. Kwa hiyo maji yale yale yalihesabiwa mara nane ndani ya nusu sekunde moja. Nilitafuta kosa kwenye saa, kwenye mwendo, kwenye michoro, na halikuwa huko. Dawa yake ni kuwa na mashamba mawili: unasoma shamba la sasa bila kuligusa, na majibu yote unayaandika kwenye shamba jipya lililo pembeni. Ukimaliza miraba yote ndipo unabadilishana, jipya linakuwa la sasa. Nilipofanya hivyo maji yakaanza kutembea mraba kwa mraba, taratibu, na nikasikia kifua kimejaa kama siku ile babu aliponiachia jembe nifungue mwenyewe. Jambo hili ungelisoma mahali ungelisahau baada ya wiki. Mimi sitalisahau, kwa sababu lilinila saa tatu katika saa nilizokuwa nazo.

Saa nane mchana umeme ukakatika, na betri ya laptopu yangu haivuki dakika arobaini. Nikatoka na karatasi, nikakaa kwenye benchi nje, nikaandika kila kitu nilichokuwa nimekusudia kuongeza: mvua, mbuzi anayebomoa kingo, kahawa kando ya migomba, siku na usiku, jirani anayeiba maji. Kisha nikaanza kukata. Umeme uliporudi saa kumi na mbili nilikuwa nimebakiza kimoja. Ukimnyima jirani maji baada ya zamu yako kuisha, gemu halikupi alama hadi umpelekee jani la isale. Unajua mwenyewe isale lina uzito gani kwetu, kwamba aliyeletewa hawezi kukataa kusamehe. Niliona nikilikata hilo, gemu litakuwa la mabomba ya popote duniani. Mengine nayapenda, lakini hayakuwa na zamu ndani yake.

Jumapili nilikwenda ibada kama kawaida. Nakwambia hili kwa sababu kuna wanaojisifu kukesha siku zote mbili bila kulala wala kula. Usiwafuate. Msimbo nilioandika usiku wa manane wa Ijumaa ndio wote niliofuta, ule wa asubuhi baada ya usingizi ndio uliobaki.

Mchana nikachora picha zangu nne: udongo, mfereji, maji, mgomba. Sauti nilizirekodi kwa simu jikoni, maji ya kidumu yakimiminwa kwenye sufuria, na jembe la babu likigonga jiwe uani. Halafu nikamwita mtoto wa jirani, ana miaka tisa, nikampa simu na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Alibonyeza mahali pasipo pake mara sita. Nilitaka kumshika mkono nimwonyeshe. Lakini nikitoa gemu, mimi sitakuwepo mkononi mwa kila anayecheza, kwa hiyo makosa yake sita yalikuwa yangu: miraba ilikuwa midogo kwa kidole. Nikaipunguza, nane kwa sita, ikawa mikubwa. Aliporudi kucheza akaifikia migomba yote mitano katika zamu ya nne, akapiga kelele hadi mama akatoka nje. Baada ya hapo simu hakuirudisha mpaka alipoitwa kwao.

Saa moja jioni nikafunga. Migomba haina kivuli, na ukigusa haraka sana sauti ya jembe hukatika katikati. Limekwisha hivyo hivyo, na watu wanalicheza.

Usidhani udogo ni umaskini. Bao wanalocheza wazee lina mashimo 32 na kete 64, kitu unachoweza kuchimba chini kwa kidole, na kuna watu wamelicheza maisha yao yote hawajalimaliza.

Sasa daftari lako. Ukurasa wa 14, ulioandika ule mwaka uliobeba mizigo baada ya kidato cha sita. Mizani pale getini. Mzigo wa mpagazi hauruhusiwi kuzidi kilo 20, na umeeleza mnavyopanga asubuhi, hema, gesi, unga, viazi, mayai yasivunjike, kila mtu akitazama mshale, na yule mzee aliyeomba umchukulie kilo mbili zake kwa sababu ya goti lake. Niliposoma hapo nililiweka daftari chini. Hilo ni gemu zima, mdogo wangu. Skrini moja, mizani, vitu vya kupanga, wapagazi wanne, na lile goti. Kilele hakihitajiki wikendi hii.

Ijumaa panda kosta ya mchana, nitakuwa stendi saa kumi na moja. Kitanda chako kipo, bando nimeweka, na betri nimeazima nyingine. Daftari liache Arusha, uchane ukurasa wa 14 uje nao mfukoni. Mama anasema umletee na vitunguu vya hapo soko la Kilombero.

Dada yako.