Kabla hujaingia mchanga wa Turkana

Lodwar, Turkana

Swahiba wangu,

Assalaam alaikum. Mama hajambo? Watoto nao? Huku sisi wazima, alhamdulillahi, ila joto ndilo hilo hilo, shati hukauka kabla hujalianika.

Nimesikia umepewa gari na kituo chako kitakuwa Lodwar. Hongera. Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli Land Cruiser nayo huzama mchangani. Huzama, tena vizuri sana, kwa kuwa ni gari zito na wengi wetu tunaliendesha kwa kiburi. Wewe umezoea lami ya Malaba na trela nyuma, kwa hiyo acha nikuandikie kwa kirefu. Simu ingenimalizia krediti.

Kubwa kuliko yote ni mguu wako wa kulia. Gari likianza kuwa zito kwenye mchanga, mafuta kidogo yanaweza kulipitisha. Likishakataa kusonga, toa mguu pale pale. Usingoje uone. Tairi linalozunguka bila kwenda linachimba, linatoa mchanga chini yake na kuurusha nyuma, na gari linashuka. Likishuka mpaka difu, ile bonge la chuma katikati ya ekseli, na chesisi zikalala juu ya mchanga, matairi yanabaki yakining'inia bila uzito wa kuyakandamiza, na hapo hata ungekuwa na injini ya meli huendi popote. Na ukitaka kusimama mwenyewe, usifunge breki. Acha gari lifie lenyewe, maana breki inasukuma tuta la mchanga mbele ya kila tairi, na tuta hilo ndilo litakalokuzuia kuondoka.

Ukishakwama, nyosha usukani. Magurudumu ya mbele yakiwa yamepinda yanalima badala ya kwenda. Kisha jaribu kurudi nyuma kwa alama zako mwenyewe, kwa sababu pale ulipopita mchanga umeshakandamizwa, na mbele hujui kuna nini. Madereva wengi hawataki kusikia habari ya kurudi nyuma. Wanaona ni aibu.

Kisha upepo. Kwenye lami una presha 35 au zaidi, kwa kipimo cha psi. Mchangani shuka mpaka 18, na ukikwama kabisa teremka mpaka 15. Tairi likilegea linakuwa refu pale linapogusa chini, na uzito wa gari unatandazwa. Usishuke chini ya 12 ovyo, tairi laweza kutoka kwenye rimu ukikata kona, na ukiwa na upepo mdogo nenda polepole, kona zako ziwe pana. Kwenye hizi Land Cruiser za kazi kuna habu za kufunga kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele. Zifunge kabla ya kuingia mchangani. Nimeona mtu amevuta fo-wili, yaani gari lisukumwe na magurudumu yote manne, analalamika gari bovu, kumbe habu ziko wazi na magurudumu ya mbele hayafanyi kazi yoyote.

Juzi tulikuta pikapu kwenye njia ya Eliye Springs, ile inayokata kutoka barabara ya Kalokol kwenda ziwani. Imejaa mapipa ya maji, imezama nyuma mpaka bampa, na kijana wa watu alikuwa bado anakanyaga. Abiria wake wote walikuwa wanalia kamba, kamba. Nikainama kuangalia: kati ya difu na mchanga hapakuwa na nafasi ya kupitisha kiganja. Kuvuta gari lililolala hivyo ni kuvuta nanga. Tukashusha mapipa kwanza. Sepetu ina mpini mrefu, haifiki chini ya gari, basi tukalala kifudifudi tukachota kwa sahani za bati. Mchanga ule mkavu unarudi shimoni kadiri unavyoutoa, kwa hiyo shimo lazima liwe pana kuliko unavyodhani, na njia ya tairi iwe mteremko mrefu, si kishimo. Difu ilikuwa ya moto kiasi kwamba yule kijana aliigusa kwa bega akaruka na kugonga kichwa kwenye chesisi.

Kina mama wa pale walikuja wenyewe na majani ya mikoma, ile mitende ya porini. Njia ile sehemu nyingine imetandikwa majani hayo tangu zamani, yaliyowekwa na waliokwama kabla yako. Ila ujue shina la jani la mkoma lina miiba myeusi iliyopinda pembeni, likate utupe, tandika ule upande mpana peke yake. Tukaweka nyuma ya kila tairi, tukatoa upepo mpaka 15, tukaweka fo-wili nzito, ile L4, na rivasi, klachi ikaachiwa taratibu. Likatoka bila kamba. Abiria wakapiga makofi, halafu wakaanza kupakia mapipa yale yale pale pale kwenye mchanga laini! Ikabidi niwazuie, gari lisogezwe kwanza mpaka penye changarawe.

Kamba nayo ina nafasi yake, baada ya kuchimba. Nunua ya nailoni inayonyumbuka, isiwe mnyororo. Na nakuomba kwa Mungu, usiifunge kwenye kile kichwa cha duara cha kuvutia trela. Kikikatika kinaruka na kamba, na kimeshaua watu sehemu nyingi duniani. Funga kwenye ndoana iliyoshikwa na chesisi, wafukuze watoto mbali kuliko urefu wa kamba, tupia blanketi zito katikati. Watoto wa huku watakuja wengi, hata pale unapodhani hakuna kijiji.

Ukisaidiwa, salimia kwanza, “Ejok”, na toa maji ya kunywa kabla ya kuzungumza habari ya pesa. Pesa zipo, nazo zitatakiwa, lakini maji huku yana uzito wake.

Laga ni habari nyingine. Ni mto mkavu wenye mchanga wa kina, kama Kawalase hapa mjini. Shuka, uvuke kwa miguu, na mguu ukizama tafuta pengine. Ukiingia, nyooka moja kwa moja na usibadilishe giya katikati. Mvua ikiwa imenyesha milimani, maji yanakuja hata kama juu yako jua linawaka, kwa hiyo gari likikwama ndani ya laga shusha watu na mizigo kabla hujashika sepetu. Kulala humo usijaribu hata kwa dakika moja.

Ukifika Kitale ndipo ununue vitu, huku bei imepanda au havipo: sepetu ya mpini mfupi, geji ya upepo, ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, maana jeki bila ubao inazama yenyewe, na pampu ya kujazia matairi. Chukua ile ya kufunga kwenye betri. Zile za kuchomeka kwenye kiberiti cha gari zinaunguza fyuzi, kisha utarudi Lodwar kwa presha 15 juu ya lami, na matairi yaungue.

Nipigie ukiondoka Kapenguria, nitajua saa ya kukutazamia. Nisalimie wote.

Ndimi swahiba wako.