Viatu vya Asha

Mpendwa Mama Rehema,

Sisi huku Maryland hatujambo, ni baridi tu imetushika. Uliniuliza kwenye simu kwa nini Asha ang'ang'anie baleti, ile ngoma ya Kizungu ya jukwaani, mahali ambapo watu wa rangi yetu wanahesabika. Sikuwa na jibu la haraka, ndiyo maana nakuandikia.

Jumamosi tulikaa jikoni tukipaka viatu vyake, vile vya kusimamia ncha za vidole. Vingi huuzwa vya waridi, eti ndiyo rangi ya ngozi. Basi wasichana weusi huchukua poda ya uso na sponji, wakavipaka polepole, na utepe pia, mpaka mguu uonekane kitu kimoja kutoka pajani hadi kidoleni. Ufundi huo Asha kafundishwa na mama mmoja mtu mzima, aliyecheza zamani, anayekuja darasani kwao.

Nikimtazama yule mama namkumbuka Raven Wilkinson, mchezaji baleti mweusi wa Marekani. Alikataliwa mara mbili, ndipo mwaka 1955 kampuni ya baleti ya Ballet Russe de Monte Carlo wakamchukua. Alikuwa mweupe wa ngozi, na jukwaani akijipaka poda nyeupe asitambulike kuwa mweusi. Lakini hoteli moja ya wazungu huko Atlanta, kusini mwa Marekani, ilipomuuliza kama ni mweusi, hakukana, na wakamtoa. Huko kusini palimshinda, na mwaka 1961 akaondoka. Ikabidi avuke bahari hadi Uholanzi ndipo acheze tena.

Miaka mingi baadaye Misty Copeland, naye mchezaji baleti mweusi, alimwona kwenye filamu ya kumbukumbu. Kumbe wanakaa mitaa ya jirani, New York! Bibi Raven akawa mlezi na mshauri wake. Juni 2015, Misty alipomaliza kucheza baleti ya Swan Lake pale ukumbi wa Metropolitan Opera House, Raven, mwenye miaka 80, alipanda jukwaani na maua. Alikuwapo pia Lauren Anderson, mweusi mwenzao, aliyepata kuwa mchezaji mkuu wa kampuni ya Houston Ballet mwaka 1990. Siku chache baadaye Misty akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mchezaji mkuu wa American Ballet Theatre, kampuni iliyokuwa na miaka 75 wakati huo.

Yale maua hunitoa machozi, mwenzangu. Usiku ule wa Atlanta, nani alimpokea Raven begi lake?

Jumamosi ijayo kuna binti wa miaka kumi na miwili anayepata jozi yake ya kwanza. Asha ameshaweka sponji mpya kwenye mkoba, na amemwomba yule mama amwachie yeye kazi ya kumwonyesha.

Msalimie Rehema.

Wako,
Mama Asha