Mtoto usimwache kwangu

Makambako, Jumapili jioni

Mwanangu,

Kamwene. Sisi hapa wazima, mvua inanyesha vizuri na mahindi yamechomoza, isipokuwa mistari miwili ya kule bondeni ambayo kunguru wameifukua.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tukifika pale pale unasema mtandao unakata. Karatasi haikati. Barua hii anakuja nayo konda wa basi la asubuhi pamoja na kiroba cha viazi. Ukishakipokea vitoe mara moja uvianike, vimenyeshewa kidogo.

Juzi mdogo wako alikuja akaniambia, "Mama, andaa kitanda, dada anakuletea mtoto. Ni miezi mitatu tu mpaka akae sawa huko Mbeya anakohamia kikazi." Alisema kama mtu aliyeleta habari njema. Nikamwacha na chai yake nikatoka kwenda kuokota mayai, na mayai nilikuwa nimeshayaokota asubuhi.

Usimwache kwangu, mwanangu. Nenda naye.

Usije ukawaambia watu kwamba mama amemkataa mjukuu. Alipokuja likizo ya Juni alikuwa anaamka kabla yangu kwenda kuhesabu vifaranga, na siku alipokuta mmoja hayupo alitaka kujua kipanga yule ni wa nani, ili tukamdai. Tangu mmeondoka nyumba hii inaongea redio peke yake. Kwa hiyo ningeangalia raha yangu tu, ningekwambia mlete kesho. Ndiyo maana nataka unisikilize.

Miezi mitatu naijua. Inaanza na "mpaka nipate nyumba". Nyumba ikipatikana inakuwa "mpaka nipate msaidizi". Msaidizi akipatikana, mwaka wa shule umefika katikati, si vizuri kumhamisha, asubiri amalize muhula. Muhula ukiisha unaambiwa ameshazoea kule, ana marafiki, ya nini kumsumbua. Na kila sababu ni ya kweli, hakuna hata moja ya kudanganya. Ningekuwa nadanganya ningejistukia mapema.

Mimi nilisema "mpaka mavuno", mwaka 1994, nilipokuacha kwa bibi yako. Yaliyofuata sikusimulii, uliyaona mwenyewe, na siku ile ya sendofu ya binamu yako uliyasema mbele ya mama zako wadogo. Nilinyamaza. Watu walidhani nimekasirika.

Lakini kuna kitu hukijui. Bibi yako hakujua kusoma, na mimi huku stesheni nilikuwa nikipata hela kidogo ya chai na viazi, treni ikisimama, nataka nikununulie viatu. Namba ya mguu wako ningeijuaje? Basi kila mwaka alikuwa anakusimamisha sakafuni, anakata kijiti cha mwanzi sawasawa na unyayo wako, toka kisigino mpaka kidole gumba, anakifunga kwenye kitambaa na kumpa mtu anayekuja Makambako. Nami naenda nacho kwenye mitumba, nakichomeka ndani ya kiatu, naongeza upana wa kidole. Vile viatu ulivyokuwa unavipokea na kusema vimekaa vizuri, vilikaa vizuri kwa sababu hiyo.

Vijiti viko vinne. Vipo kwenye kopo la maziwa ya unga pamoja na cheti chako cha ubatizo. Jana usiku nimevitoa. Cha kwanza nikikilaza juu ya mkono kinaanzia kwenye kifundo na kuishia kwenye kucha ya kidole cha kati. Cha nne kinapita kidole kwa pingili nzima. Ile pingili ndiyo sikuiona.

Na kuhusu ule mwaka wa mvua za El Nino, nilikwambia barabara zilikatika ndiyo maana sikuja kukuchukua. Ni kweli zilikatika. Mvua ziliisha, barabara zikakauka, mimi nilikuja Novemba. Tuyaache hayo.

Sasa najua utaniuliza, zamu za usiku je? Nimelifikiria hilo kuliko unavyodhani. Wewe ni muuguzi, zamu haikwepeki. Basi siku ya kwanza tu ukiripoti, mwambie matroni una mtoto wa darasa la kwanza na huna mtu. Usijifanye chuma. Wewe una tabia hiyo ya kunyamaza mpaka mambo yaharibike ndipo useme, na umeirithi kwangu, kwa baba yako usimsingizie. Tafuta muuguzi mwenzako mwenye watoto, mkae nyumba moja au nyumba jirani, akiwa wa usiku wewe wa mchana. Wapo. Wanawake wanaolea peke yao hujuana haraka kuliko waumini wa kanisa moja.

Dada wa kusaidia kazi nitamtafuta mimi, wala usichukue wa kuokoteza stendi. Awe mtu mzima. Binti wa miaka kumi na tatu akimlea mtoto wa miaka saba, hapo umejiongezea mtoto wa pili. Na mshahara wake mpe mkononi, kila mwezi, usimwambie utamtunzia. Atakayelala na mwanao usiku ukiwa wodini hafai kuwa na kinyongo na wewe.

Neno bweni sitaki kulisikia. Nasikia mwenzako mmoja kakushauri hivyo. Serikali yenyewe ilisitisha mwaka 2023 bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano, kwa hiyo shule itakayokwambia kwamba inawachukua kimyakimya, jiulize ni mangapi mengine inayafanya kimyakimya.

Nyumba. Nakusihi usilipe kodi ya miezi sita kwa picha za dalali. Nenda siku ya mapumziko ukaione, na ikiwezekana uione mvua ikinyesha, maana Mbeya ni miteremko na makorongo, chumba kinachopendeza saa nne asubuhi jioni unakikuta maji yanapita mlangoni. Uliza choo mnachangia wangapi. Uliza luku ni yako au mnachanga na wapangaji wengine, hapo ndipo ugomvi wote wa nyumba za kupanga unapozaliwa. Na usiangalie bei nafuu tu ukaenda kukaa mbali huko ambako ukitoka zamu saa mbili usiku unabaki kuomba bajaji.

La muhimu kuliko yote: nyumba na shule ziwe upande mmoja wa barabara kuu. Hilo usilifanyie mzaha. Malori yote ya Tunduma na Zambia yanapita katikati ya jiji lile, na tangu waanze kupanua barabara kuanzia kule Uyole watu wenyewe hawajui leo wanavukia wapi. Mimi nimeuza chakula barabarani miaka mingi, nimeona lori likikosa breki, dereva anapiga honi tu, hana kingine cha kufanya. Mtoto wa darasa la kwanza hajui honi ile maana yake nini. Ukipata nyumba nzuri Mwanjelwa na shule iko ng'ambo, iache hiyo nyumba. Mpaka awe darasa la tano hivi.

Ukishahamia nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ujitambulishe, wewe na mtoto, akuone sura. Na majirani wasalimie wewe kwanza, usisubiri. Utakuta Wasafwa, Wanyakyusa, Wakinga na Wabena wenzetu humo humo, lakini usikimbilie tu wa kwetu. Aliyenishikia mtungi wa chai wiki niliyougua malaria hapa Makambako hakuwa hata wa mkoa huu.

Jiko la mkaa. Juni ya Mbeya unaijua kwa kusikia, na wewe ni mtu wa Njombe utajiona umeshazoea baridi. Usilale na jiko ndani hata kama limebaki majivu mekundu kidogo. Hewa ile haina harufu, inawachukua watu usingizini na asubuhi unakuta wamelala kama walivyojifunika. Najua hayo unayajua kunizidi, umeyasomea. Ila hata waliosoma husikia baridi. Mwambie na huyo dada wa kazi, umwambie kwa kumwonyesha, jiko linatolewa hapa, linawekwa hapa.

Kuhusu baba yake nilisema sitamtaja tena. Namtaja mara hii tu. Kabla hujaondoka Njombe pita ofisi ya ustawi wa jamii, yaandikwe matunzo, aweke sahihi. Ukishakuwa Mbeya utamfukuzia wapi, na huko kwenye machimbo anakosema yuko leo ni Chunya, kesho ni Geita? Sheria ya Mtoto ipo tangu 2009, matunzo ni haki ya mtoto, hakuna anayekuhurumia hapo. Unasema hutaki hela yake. Mimi baba yako sikumdai hata shilingi na nikajiona shujaa. Ada ya ushujaa ule uliilipa wewe kwa bibi yako. Lakini mtoto asisikie ubaya wa baba yake kutoka kinywani mwako, hasa ukiwa umechoka.

Nilikasirika, sikufichi. Umeandika barua ya kuomba uhamisho, imepita kwa wakubwa zako, imerudi na muhuri, ndipo mama yako anasikia kwa watu. Na uhamisho wa kuomba mwenyewe hauna posho, kila kitu mfukoni mwako, ungeniambia tungepanga toka mwezi wa saba. Kama unakimbia maneno ya watu wa Njombe, Mbeya nako watu wana midomo. Ila huko hawajui pa kuanzia, labda hilo litakupumzisha.

Halafu nikakaa, nikaona kwamba umeandika barua mwenyewe, umesimama mwenyewe, hukumsubiri mtu akupe ruhusa. Yule fundi baiskeli hapa jirani nimemwonyesha picha yako ya sare mara tatu, sasa akiniona natoa simu anajifanya anatafuta spana.

Vyombo usikodi gari zima. Zipo kenta zinazopeleka viazi Dar es Salaam, hizo hazikufai, lakini zipo zinazorudi tupu kuelekea Mbeya, mdogo wako anawajua madereva. Kabati lile la vioo liache, halitafika zima. Nitalichukua mimi. Godoro la mtoto lifungwe kwenye nailoni. Huyo mdogo wako naye ana bati zangu nne za jiko, alisema anaziazima kufunika tofali zake, huu ni mwezi wa pili na mimi napikia chini ya mwavuli. Ukiongea naye mkumbushe, mimi nikimwambia ananiita mama mgomvi. Kikoba tunagawana Ijumaa ijayo. Kitakachopatikana nusu ni mbolea, nusu nitakutumia kwa ajili ya kodi. Usinirudishie kwa kisirani kama mwaka juzi.

Narudi pale pale. Kama utanijibu kwamba ni mwezi mmoja tu, nitakujibu hivi hivi. Alale na wewe chumba kimoja kitanda kimoja, ale wali mkavu siku ambazo umeishiwa, akuone umechoka, akuone unalia hata. Utakuwa na siku atakazokuudhi mpaka utamani ungemwacha. Nipigie siku hiyo, usiku wowote, nitapanda basi nije mimi. Kuku nitamwachia jirani. Kuja kwangu huko ni jambo jingine na kumwacha yeye huku ni jambo jingine.

Likizo mlete, hata zote. Likizo ina tarehe ya kurudi.

Shule zinafunguliwa Januari. Viatu vyake nitanunua mimi. Siku ya kuhama msikate tiketi ya moja kwa moja mpaka Mbeya, kateni ya Makambako, hapa tutakata nyingine ya mchana. Tutaingia lile duka la karibu na stendi avae mwenyewe, atembee hatua tatu nne mlangoni nimwone. Namba usinitumie.

Ni mimi mama yako.

Kiroba nirudishie kwa konda huyo huyo, ni cha jirani, na ameshakiulizia.