Kocha aliyeajiriwa kama profesa

Chicago

Mwalimu mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo, ni baridi tu inayotusumbua. Barua yako nimeipata, nami nimefurahi kusikia kwamba shule ile binafsi imekuita ukawafundishe vijana wao michezo mara tu utakapotimiza miaka 60 na kuagana na Serikali. Umeniuliza kama makocha wa vyuo vya huku ni walimu kama sisi au ni watu wa mkataba wanaofukuzwa timu ikifungwa. Siku hizi walio wengi ni watu wa mkataba, na wakubwa wao hulipwa mshahara unaouzidi mbali wa mkuu wa chuo. Hata hivyo palikuwa na mtu mmoja, mwanzoni kabisa mwa mambo haya, ambaye aliajiriwa kwa namna nyingine, nami naona maisha yake ya kazi yatakufaa kuliko maelezo yangu ya jumla.

Jina lake ni Amos Alonzo Stagg. Alizaliwa mwaka 1862 huko West Orange, New Jersey, mtoto wa fundi viatu, akasoma kwa dhiki hasa: alipokuwa akijiandaa kuingia chuo kikuu aliishi katika chumba cha darini kisichokuwa na moto, akila mkate mkavu. Alipofika Yale nia yake ilikuwa awe mchungaji. Huko alisifika kwa kurusha mpira katika besiboli hata timu za kulipwa zikamtaka, naye akazikataa, na mwaka 1889 akateuliwa katika kikosi cha kwanza kabisa cha wachezaji bora wa futiboli wa Marekani nzima. Nasema futiboli yao ile ya kubeba mpira mkononi na kuangushana, si hii yetu. Mimbarini, lakini, alikuwa mzito wa ulimi, akaona kwamba vijana atawafikia zaidi akiwa uwanjani kuliko akiwa kanisani.

Akaenda kufundisha katika chuo cha YMCA cha Springfield, Massachusetts, alikokuwa James Naismith, aliyeubuni mpira wa kikapu. Kwa kuwa najua timu yako ya kikapu ndiyo kipenzi chako, nikuongezee hili: katika mechi ya kwanza ya mchezo huo kuchezwa mbele ya watazamaji, Machi 1892, wanafunzi waliwashinda walimu 5 kwa 1, na bao hilo moja la walimu lilifungwa na Stagg.

Sasa nifike kwenye ajira yenyewe. William Rainey Harper, aliyekuwa mwalimu wake huko Yale, alikuwa ameteuliwa rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago, chuo ambacho kilikuwa bado hakijafungua milango yake. Walipokutana, Harper alimtajia dola 1,500 kwa mwaka. Stagg akanyamaza. Harper akapandisha hadi dola 2,000, Stagg bado kimya. Mwishowe akataja dola 2,500 pamoja na cheo cha profesa mshiriki, akaeleza kwamba uteuzi huo ni wa maisha. Stagg mwenyewe alikuja kusimulia kwamba hakuwa akivuta bei, bali wazo lilikuwa geni kwake na alikuwa akilitafakari. Hata hivyo, ndugu yangu, kama kuna kimya kilichowahi kulipa vizuri, ni kile.

Ukitaka kupima uzito wa jambo hilo, kumbuka kwamba wakati ule vyuo vingi havikuwa na kocha wa kudumu hata kidogo. Timu ilikuwa mali ya wanafunzi, nahodha ndiye mwenye neno la mwisho, na mchezaji wa zamani alirudi kwa majuma machache ya msimu kuwanoa wenzake, kisha akaenda zake. Stagg alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kupewa kazi ya ukocha ikiwa na hadhi na ulinzi wa mwalimu wa chuo kikuu. Wachezaji walipokuwa hawamtoshi, msimu ule wa kwanza wa 1892, alivaa jezi akacheza mwenyewe. Akabaki Chicago misimu 41 na kutwaa ubingwa wa vyuo vya magharibi mara saba, kuanzia 1899 hadi 1924.

Mkewe Stella, waliyeoana mwaka 1894, alikaa jukwaa la waandishi wa habari na penseli mkononi, akichora kila mpango uliochezwa uwanjani ili mumewe aupitie baadaye. Kuhusu ukali, Stagg hakuvuta sigara, hakunywa pombe wala hakutukana. Aliyekosea aliitwa punda, na aliyekosea zaidi alikuwa punda mara mbili. Wewe na mimi tumewahi kuwa na wakuu wa nidhamu walioanzia pale alipoishia yeye.

Mechi inayotajwa kuliko zote ni ile ya 30 Novemba 1905 dhidi ya Michigan, timu ya kocha Fielding Yost iliyokuwa imecheza mechi 56 bila kushindwa. Chicago ilishinda 2 kwa 0. Walter Eckersall wa Chicago aliupiga mpira kwa mguu ukaenda mbali hadi nyuma ya mstari wa goli la Michigan. Mchezaji wa Michigan, badala ya kuuacha, akaudaka na kutoka nao mbio, akakutana na wachezaji wawili wa Chicago waliomsukuma kinyumenyume hadi ndani ya eneo lake mwenyewe, na kwa sheria zao hizo ni pointi mbili. Hapakuwa na bao jingine siku ile.

Nisikufiche, hapo pia ndipo doa lilipo. Eckersall, shujaa wa siku hiyo, aliondoka chuoni bila shahada, na mwaka huohuo gazeti la Collier's lilichapisha makala kuhusu vyuo vinavyonunua ushindi, Chicago ikiwemo. Idara ya Stagg ilikuwa ikipanga bajeti yake na kuifikisha kwa rais bila kupita mikononi mwa walimu wenzake. Kwa maoni yangu, Harper alitoa kinga ya profesa bila kuweka na usimamizi anaowekewa profesa, na mtu mwadilifu kama Stagg naye alijikuta akifumba jicho pale mchezaji hodari alipokuwa haingii darasani. Kwa upande mwingine, kinga hiyohiyo ilimpa nafasi ya kufikiri kwa miaka mingi. Mwaka 1905 wachezaji wapatao 18 waliripotiwa kufa kutokana na mchezo huo nchini kote, Rais Theodore Roosevelt akawaita viongozi wa michezo wa Yale, Harvard na Princeton, na mwaka uliofuata pasi ya mbele, yaani kumrushia mpira kwa mkono mwenzako aliye mbele yako, ikaruhusiwa ili kuwatawanya watu waliokuwa wakirundikana na kukanyagana. Stagg alikuwa katika kamati ya sheria tangu 1904, na pasi ile aliifanyia kazi mapema kuliko makocha wengi.

Huo uteuzi wa maisha ulikwisha alipotimiza miaka 70. Timu ilikuwa imedhoofika tangu katikati ya miaka ya 1920, rais mpya Robert Maynard Hutchins hakuwa mpenzi wa futiboli, na kanuni ya kustaafu ilitumika. Akapewa kazi nyingine ya heshima pale chuoni, isiyohusu kufundisha, akaikataa. Mwaka 1933 akahamia Chuo cha Pacific, Stockton, California, chuo kidogo kisicho na fedha, ambako alishindwa mechi nyingi kuliko alizoshinda; lakini mwaka 1943, akiwa na vijana waliokuwa katika mafunzo ya jeshi la majini, alichaguliwa kocha bora wa mwaka nchini akiwa na umri wa miaka 81. Mwaka 1946 na Pacific pia wakamtaka apumzike awe mshauri tu. Akaenda Pennsylvania kumsaidia mwanawe kufundisha timu ya Susquehanna, halafu akarudi Stockton kuwafundisha vijana wa chuo kingine cha pale kupiga mpira kwa mguu, hadi 1960, alipoona kwamba miaka 98 ni umri unaofaa kuacha. Alifariki 1965, akiwa na miaka 102.

Uwanja wa zamani uliopewa jina lake hapa Chicago haupo tena. Penye uwanja ule sasa pana maktaba kubwa ya chuo. Chuo kiliacha futiboli mwaka 1939, na tarehe 2 Desemba 1942, chini ya jukwaa lake la magharibi, mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake waliwasha tanuri la kwanza la nyuklia duniani.

Basi nirudi kwako. Hujanieleza barua ya ile shule inasemaje: je, umeajiriwa kama mwalimu mwenye vipindi na kiti katika kikao cha walimu, au kama kocha wa msimu anayelipwa kwa makombe? Na ratiba na bajeti ya michezo ataipitisha nani? Niandikie hayo mawili kabla hujatia sahihi. Kama nafasi ya ualimu wanayo na hawakuitaja, waombe, ukishaomba unyamaze kidogo.

Nisalimie wote hapo nyumbani, na vijana wako wa kikapu.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.