Moto wa Surakhani ulizimika mwaka 1969

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu mioto ya asili isiyozimika. Mliandika kuwa moto wa hekalu la Ateshgah, Surakhani, karibu na jiji la Baku nchini Azabajani, umewaka tangu kale bila kukatika. Si kweli. Ulizimika mwaka 1969, baada ya gesi ya chini yake kuchimbwa miaka na miaka. Huu unaowaka leo katikati ya ua unaletwa kwa bomba.

Jambo hili linaniuma, maana waliojenga pale walitoka mbali. Ni wafanyabiashara wa Kihindi wa karne ya 17 na ya 18. Ua una pembe tano, umezungukwa na vijumba vya mahujaji, na juu ya milango kuna maandishi, mengi ya Kisanskriti, mengine ya Kipunjabi, na moja la Kiajemi. Yanamtaja Jwala Ji, mungu wa kike wa moto, yuleyule anayeabudiwa Jwalamukhi, katika jimbo la Himachal Pradesh nchini India, mahali ambapo miali hutoka mwambani na Wahindu husimulia kwamba ndipo ulipoangukia ulimi wa Sati, mke wa mungu Shiva. Mtu kavuka milima na bahari, kisha ugenini anamkuta mungu wa kwao akiwaka ardhini! Moto huo ndio tulioumaliza kwa visima, halafu tunawaambia wasomaji kwamba bado upo.

Kama mnataka moto wa kale ulio hai, andikeni juu ya Yanartaş, karibu na kijiji cha Çıralı, kusini mwa Uturuki. Mimi nilipanda kilima kile jioni. Miali ilikuwa inachungulia kwenye nyufa za mawe, mingine midogo kama ya kibatari, na familia moja ilikuwa imeteleka birika la chai juu ya mmojawapo. Nikaupuliza mdogo kabisa, ukazimika. Kijana mmoja akasogeza kiberiti, ukashika papo hapo, pwaa! Chini ya miali kuna magofu ya hekalu la Hephaestus, mungu wa Kigiriki wa wahunzi.

Watu wa kale waliuhusisha mlima huo na Chimera, dubwana la hadithi za Kigiriki. Homer, mshairi wa Kigiriki wa kale, anamwelezea kuwa ni simba mbele, mbuzi katikati, nyoka nyuma, naye anapumua moto. Wanasayansi wamegundua kwamba sehemu ya gesi ya pale hutengenezwa na mawe yenyewe: maji yakikutana na aina fulani ya miamba hutoa haidrojeni, nayo ikiungana na kaboni huwa methani, gesi inayoshika moto. Kwa hiyo aliyesema mlima unapumua hakuwa mbali na ukweli.

Naomba mchapishe sahihisho, na mwaka 1969 uandikwe waziwazi. Tena moto wa bomba msiuite wa milele.

Msomaji wenu,
Tanga