Shukrani za familia: asanteni mliotusaidia kumuuguza na kumzika Baba, Tukuyu

Bwana Yesu asifiwe ndugu zetu wote, na ndugu zetu Waislamu asalaam aleikum, wakubwa wote shikamooni. Ni wiki ya tano sasa tangu tumlaze Baba pale kilimani karibu na migomba ya bibi, na kila siku tunasema leo tunaandika shukrani, mara mgeni kaingia, mara presha ya Mama imepanda, mara mtu kakaa na simu kaanza kuandika halafu machozi, kaacha. Mimi ndo mtoto wa kwanza, wadogo zangu wamenipa hii kazi kwahiyo palipokosewa nisameheni mimi.

Mungu kwanza. Bwana alitoa na Bwana ametwaa, tunalisema hilo kwa moyo wote ingawa kuna siku lilikuwa gumu kutoka mdomoni.

Wengi mlimfahamu Baba kama mtafiti wa umaskini na ustawi wa jamii, wengine kama mwalimu wenu chuoni, hapa kijijini walimwita tu Mwalimu. Alimaliza kidato cha sita 1975, na kwa sababu ya Azimio la Musoma la 1974 huwezi kwenda chuo kikuu moja kwa moja, lazima kwanza ukafanye kazi, basi baada ya JKT akapangiwa ukarani kwenye kijiji kipya kule Usangu, wakati ule watu wamehamishiwa vijijini juzijuzi, nyumba hazijakaa sawa na mashamba yao ya zamani yako mbali. Alikuwa anasema elimu yake ilianzia pale kabla ya chuo kikuu pale Mlimani, Dar, kabla ya Uingereza. Kazi yake ilikuwa kuandika kwenye daftari nani kapokea mbegu na nani kapokea jembe, na akagundua kuna wanaopewa jembe wiki hii na wiki ijayo wameshaliuza wanunue chakula. Akaanza kuwauliza kwanini. Hakuacha kuuliza mpaka anaingia kitandani.

Sasa miezi 14 ya ugonjwa. Figo. Damu inasafishwa mara 3 kwa wiki, Dar, mbali na nyumbani, na waliopitia hili wanajua siongezi chumvi. Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ulipoanza kwenye hospitali za serikali Baba alizunguka vijiji vya Rungwe mpaka kule Busokelo anauliza watu swali moja, mkiuguliwa mnauza nini kwanza. Wakamwambia tunaanza na kuku, halafu mbuzi, halafu ng'ombe, mwisho kabisa tunakodisha shamba, na ukishakodisha shamba mgonjwa akipona anakuta hana pa kulima. Sisi watoto tulikua tukisikia hizo habari mezani kama habari za watu wengine. Kumbe zamu yetu ipo. Tukauza gari, tukauza kiwanja cha Uyole, akiba ya Mama ya VICOBA, kile kikundi chao cha kuweka na kukopa, ikaisha, na siku moja ametoka kwenye mashine amechoka, mikono ya baridi, akaniita karibu akasema mwanangu, sasa hivi mko kwenye ng'ombe, naomba msifike kwenye shamba. Nilitoka nje nikalia kwenye ngazi.

Usiku ule ndo mdogo wetu wa tatu akafungua grupu la wasapu bila kutuuliza, akaandika mistari minne tu. Mimi nilikasirika kwakweli, niliona aibu. Kufika asubuhi kulikuwa na watu zaidi ya 200 na wanafunzi wake wa miaka ya themanini huko, maafisa ustawi wa jamii wa wilaya ambazo hata sijafika, walimu, mwingine ni mama ntilie aliyekuwa anawauzia chai. Miamala inaingia, elfu 5, elfu 10, laki, elfu 3. Ndugu zangu, mlitupa miezi 9 na Baba. Miezi 9 mizima! Alimwona mjukuu wake wa mwisho akibatizwa. Hilo hatuna namna ya kulilipa, Mungu wa mbinguni ndiye anayejua akaunti ya kila mmoja.

Alipofariki alfajiri ile ya Jumatano tukaanza safari kutoka Dar jioni. Mnajua barabara, zaidi ya kilometa 800 mpaka Mbeya kisha ushuke Tukuyu. Tulipofika chini ya mlima Kitonga lori limelala barabarani, foleni haiendi mbele wala nyuma, saa 5 usiku, Mama yuko kiti cha nyuma ya jeneza hajala toka asubuhi, mtoto mchanga analia, na chaji za simu zinaisha. Nilikata tamaa pale kuliko hata hospitali. Halafu saa 8 hivi usiku tunaona tochi, watu wanatembea kwa miguu pembeni ya malori wanauliza msiba wa Mwalimu uko gari gani. Ni shemeji zetu wa Ilula na wanafunzi wake wawili wa Iringa mjini, wameacha gari juu huko wakashuka mlima kwa miguu na chupa za chai, mihogo ya kuchemsha na blanketi 3. Blanketi! Nani anafikiria blanketi? Wakakaa na sisi mpaka njia ikafunguka saa 12 asubuhi. Shemeji, na nyie wadogo zangu wawili, sijui niseme nini, mbarikiwe na vizazi vyenu.

Na mvua za Tukuyu hazimsubiri mtu. Gari likazama kwenye tope kabla hata ya kufika kanisani, likasukumwa likagoma, basi vijana wa bodaboda wa stendi wakaegesha pikipiki zao wakavua viatu wakambeba Baba mabegani karibu kilometa 2, wanapokezana wanaimba, hakuna aliyewaita na hakuna aliyekubali hata hela ya soda. Wengi wao hawakumjua. Mmoja aliniambia dada, huyu mzee alinipa lifti siku bibi yangu anaumwa.

Siku ya tatu baada ya mazishi mimi na Mama tukafungua daftari la rambirambi. Tunasoma majina, tunashukuru, tukafika mstari umeandikwa bibi wa ng'ambo ya mto, sh 2,000, mahindi sado 1, ndizi mkungu 1. Aliyekuwa anaandika akatueleza huyu bibi ni wa kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, anaishi na wajukuu 4. Mama akataka kumrudishia ile elfu 2. Tukaenda, bibi akakasirika kabisa. Akasema mwaka 2014 walikuja watu na fomu, wanauliza nina bati ngapi, nina kuku wangapi, nina redio au sina, huyu Mwalimu akaja peke yake siku nyingine akakaa jikoni kwangu akala mbalaga, ndizi zetu za kupika, akaniuliza swali moja tu, siku ukikosa chumvi unaenda kwa nani. Akasema hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza hivyo, sasa mimi leo ndo mnanikataza nisiende kwake?

Mama alimpigia magoti. Na mimi ndo nikaelewa kitu nilichokuwa nakiona kwenye makaratasi ya Baba miaka yote. Hakuwa mtu wa kudharau takwimu, hapana, alizifundisha kwa ukali. Utafiti wa bajeti ya kaya wa 2017/18 ulipotoa mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi sh 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi aliwagawia vijana waliokuwa wanakuja kujifunza kwake sh 1,644 kila mmoja, ndo mstari wenyewe ukigawa kwa siku 30, akawapeleka soko la Tukuyu akawaambia mkila mkashiba na mkabakiza ya sabuni mje tuongee. Alipenda sana kile walichofanya Zanzibar 2016 cha kumpa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea sh 20,000 kwa mwezi bila kumuuliza we ni maskini au siyo, alikuwa anasema mzee asisimamishwe mkutanoni athibitishe shida zake mbele za watu. Ila swali la unaenda kwa nani ndo lilikuwa lake hasa, na kwa miezi 14 sisi familia yake ndo tulikuwa tunalijibu.

Sasa naomba niwataje wengine kwa haraka maana ni wengi. Wachungaji na wazee wa kanisa, kwaya zote 3 na mama mchungaji aliyelala na Mama siku 7. Madaktari na manesi, hasa nesi wa zamu ya usiku aliyekuwa anamwita Baba profesa wangu. Wanachuo wenzake na wanafunzi wa miaka yote. Waliotoa damu. Mashangazi wa Kiwira, baba wadogo wa Kyela na magunia ya mchele, wajomba wa Njombe na viazi, majirani wa Dar, majirani wa Uyole, kikundi cha kuzikana, wanaVICOBA wenzake Mama, mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji, waliochimba kaburi kwenye mvua, mafundi wa turubai na spika, waliopika, waliochota maji, waliokata kuni, madereva, ndugu zetu wa msikitini waliokuja na sukari na kukaa mpaka mwisho, mlioko nje ya nchi mliopiga simu, mlioomba kimyakimya.

Kuna tuliowasahau, najua wapo, na hili linaninyima usingizi. Daftari moja lililowa siku ya mvua, kurasa kama 4 hazisomeki, kwahiyo kama ulitoa na hujatajwa popote tafadhali usione tumekudharau, tusameheni sana jamani. Wapo pia niliowajibu vibaya kwenye simu zile siku, nisameheni. Waliokuja wakakosa pa kukaa au chakula kikawaishia, tusameheni.

Ibada ya shukrani itakuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa 4 asubuhi, nyumbani. Somo ni Zaburi ya 41, alilichagua mwenyewe. Mwenye madaftari ya Baba ya utafiti aliyoazima tunaomba aje nayo, tunayakusanya.

Na vyombo vimebaki huku jikoni, sufuria kubwa 2 zenye alama ya rangi nyekundu chini, beseni la bluu lenye ufa, miko 5, jamvi moja na blanketi 1 kati ya yale 3 ya Kitonga. Wenyewe mpige simu kwa Mama au mpitie tu, mlango uko wazi.

Ndaga fijo, asanteni sana.

Mjane, watoto na wajukuu, Tukuyu